Eti Mtoe Mbwa

Mwaka juzi nilipeleka hadithi kwa mhariri mmoja. Kurasa ishirini. Mzee anatoka Newala alfajiri, anashuka ukingo wa uwanda wa Makonde mpaka bondeni, analala huko siku mbili, kisha anapanda tena kurudi kwake. Ana mbwa. Mapenzi hayamo, mauaji hayamo, jini hayumo. Ni mzee, njia, msitu na mbwa. Baada ya miezi minne mswada ulirudi. Pembeni mwa ukurasa wa kwanza palikuwa na maneno mawili kwa kalamu nyekundu: "Mtoe mbwa."

Nikapiga simu. Mhariri mwenyewe ni mtu mstaarabu, simtaji, na akinikuta kesho nitamnunulia chai. Akanieleza kwa upole kabisa. Kwanza, wasomaji wetu wengi ni wa pwani, mbwa kwao ni najisi, na shule zikikikataa kitabu nani atakinunua? Pili, kutembea milimani na mbwa ni mambo ya Wazungu. "Sisi, ndugu yangu, tukipanda mlima ujue tuna shida." Tatu, hapa akacheka kidogo: "Halafu huko Mtwara mlima mmeutoa wapi?" Akanishauri kama nahitaji mnyama wa kuongozana na mzee nimweke mbuzi.

Mbuzi!

Angekuwa mhariri mmoja tu ningenyamaza. Mswada kukataliwa ni jambo la kila siku, na aliyezoea kuandika Kiswahili ana ngozi ngumu. Lakini maneno hayohayo nimeyasoma tena mwaka huu, yamevalishwa nguo za kisomi, kwa watu ninaowaheshimu: kwamba sisi waandishi wa siku hizi tunaiga vitabu vya nchi za baridi, tunazurura misituni na mbwa "tukitafuta nafsi", na kwamba fasihi ya Kiswahili ina mambo yake, tuyaache ya watu. Basi najibu. Sijibu kwa mpangilio aliouweka mhariri, maana mengine yana uzito na mengine hayana.

La mlima ni jepesi, tulimalize. Hapa Magomeni, Mtwara mjini, nilipokulia, ardhi ni mchanga. Mtoto wa Magomeni anaweza kumaliza darasa la saba bila kuona kitu kirefu kuliko mnazi. Hilo nakubali. Lakini panda gari la Newala. Barabara inapanda taratibu mno hata huwezi kujua kwamba unapanda, masikio ndiyo yanakuambia. Unapita Nanyamba, unapita Tandahimba, mikorosho kulia na kushoto, na ukifika Newala uko juu sana kuliko bahari uliyoiacha asubuhi. Usiku unatafuta blanketi. Halafu, nyuma ya mji, ardhi inakatika. Panaitwa Shimo la Mungu. Unasimama ukingoni na bonde lote la Ruvuma liko chini ya miguu yako, na ng'ambo ni Msumbiji, na asubuhi huoni chochote isipokuwa ukungu mweupe kama maziwa yaliyomwagwa. Huo ni mlima uliopinduliwa. Unaanzia kileleni ukiwa na nguvu, unashuka, na kazi ya kupanda inakungoja ukiwa umeshachoka. Mababu waliujua. Wamakonde walijenga juu na maji yakabaki chini, kwa hiyo kwa vizazi na vizazi wanawake wa huko wameshuka na kupanda na vyombo vichwani. Karl Weule, Mjerumani aliyekaa Newala mwaka 1906, ni miongoni mwa waliostaajabia watu kuishi mbali hivyo na maji yao. Sasa mtu akiniambia Mtwara hakuna mlima, namwomba ashuke Shimo la Mungu asubuhi, kisha anipigie simu jioni.

Na misitu? Si ile tuliyokuwa nayo. Vichaka vizito vya uwandani vimekuwa mashamba ya mihogo na mikorosho, na sitajifanya kulia juu ya korosho maana ada yangu ya shule ililipwa nazo. Lakini kwenye makorongo ya ukingoni, pasipolimika, miti bado imeshikana. Humo unatembea umeinama. Humo jua la saa sita linaingia kwa vipande. Humo ndimo mjomba wangu alimonifundisha kumtazama mbwa kabla ya kutazama njia.

Nitarudi kwa mjomba. Kwanza hili la Wazungu.

Ukweli ni kwamba mtu maarufu kuliko wote aliyewahi kutoka pwani yetu hii kwa miguu akaingia misitu ya Makonde, na ambaye katika safari hiyo alikuwa na mbwa, alikuwa Mzungu. David Livingstone aliteremka Mikindani tarehe 24 Machi 1866, kilomita chache kutoka hapa ninapoandikia. Alikuwa na ngamia sita, nyati wa kufugwa kutoka India, punda na nyumbu, askari wa Kihindi, watu wa Anjuani, na vijana kadhaa akiwemo Chuma, na Susi, wale ambao miaka saba baadaye wangeibeba maiti yake mpaka pwani. Ngamia hawakuweza kupita kwenye vichaka vyetu. Ilibidi waajiriwe Wamakonde na mashoka yao watangulie, wafyeke njia, ndipo Daktari apite.

Mbwa wake aliitwa Chitane. Mbwa mdogo, wa manyoya ya kujisokota, aina inayofugwa sebuleni huko kwao. Januari 1867, msafara ukiwa umefika mbali, katika nchi ambayo leo ni Zambia, walivuka mto wa kinamasi ulioitwa Chimbwe. Maji kiunoni. Kila mtu alihangaika na mzigo wake, na hakuna aliyemkumbuka Chitane. Akaogelea mpaka nguvu zikamwishia, akafa maji. Livingstone aliandika kifo hicho kwa uchungu ambao hakuutumia kwa baadhi ya binadamu. Siku chache baadaye wapagazi wawili walitoroka na sanduku la dawa, na safari yake yote ikageuka. Ukiusoma ule mwezi katika shajara yake, mbwa na sanduku vinakaa pamoja kama vifo viwili vya nyumba moja.

Anamsifu Chitane hivi, nasema kwa maneno yangu: kwamba alijipa kazi ya kuongoza msafara, akakimbia mbele kumwangalia wa kwanza, akarudi nyuma kumbwekea wa mwisho asichelewe, kwamba hakuiba, kwamba hakuruhusu mbwa wa kijijini asogelee kibanda cha bwana wake. Na kwamba moyo wake ulishinda mbwa mia wa nchi hizi.

Mbwa mia wa nchi hizi. Hapo ndipo ninapokaa, siondoki. Mbwa mmoja wa kigeni ana jina, ana tabia, ana tarehe ya kufa, ana mto aliofia. Mbwa mia wetu wametajwa kwa jumla, ili yeye apate sifa. Hao mia walikuwa na wenyewe. Walikuwa wanalinda mihogo, wanasaka ndezi, wanawasindikiza watoto kuchota maji. Kila mmoja alikuwa na jina, na majina ya mbwa wa Kiafrika si mchezo, nitaeleza. Lakini hakuna aliyeandika.

Sasa mhariri wangu anaona dawa ya jambo hili ni nini? Kwamba kwa kuwa Mzungu aliandika juu ya mbwa wake, sisi tukiandika juu ya mbwa wetu tunamwiga! Kwa hesabu hiyo Chitane ataendelea kuwa mbwa pekee mwenye jina aliyewahi kutembea katika misitu yetu, na sisi wenyewe ndio tutakuwa tumemlinda, kwa jina la uhalisi wa Kiafrika.

Mjomba alikuwa na mbwa aliyeitwa Watasema.

Watu wa bara na wa pwani mnajua mchezo huu. Umegombana na jirani, huwezi kumtukana, heshima hairuhusu. Unafuga mbwa, unampa jina. Kila jioni unasimama uani na kuita kwa sauti: "Watasemaa! Watasemaa!" Jirani anasikia. Atafanya nini? Unamwita mbwa wako. Nimewajua mbwa walioitwa Sijali, Tutaonana, Mwenyewe, Wivu. Kuna kanga, kuna majina ya majahazi, kuna maandishi nyuma ya daladala, na yote haya yameandikiwa tasnifu vyuoni. Jina la mbwa ni fasihi fupi kuliko zote, neno moja linaloitwa mara kumi kila jioni likilengwa sikio moja, na sijawahi kukutana na mwanafunzi wa fasihi simulizi aliyelikusanya. Najua kwa nini. Angesimama mbele ya jopo la walimu aseme nini?

Mjomba alikuwa Mwislamu, wala si wa Ijumaa hadi Ijumaa. Swala tano. Kwa Wamakonde, mjomba ni mtu mzito kuliko baba, na kila likizo mama alinipeleka kwake nikashike jembe. Shamba lake lilikuwa pale ukingoni, na nguruwe pori walipanda kutoka bondeni usiku. Bila mbwa, mihogo yote ingekuwa ya nguruwe. Watasema alilala kizingitini mwa kibanda cha shamba, hakuingia ndani hata mvua ikinyesha. Hakufungwa kamba. Alijua mpaka wake, na mjomba alijua mpaka wake. Akimlamba chombo, chombo kinaoshwa mara saba, moja kwa mchanga, na kazi hiyo niliifanya mimi, kwa hiyo najua vizuri uzito wa neno najisi kuliko mtu aliyelisoma tu. Tuliosha, tukaendelea na maisha.

"Shikamoo mjomba," nilisema mara ya kwanza, nimesimama mbali, naogopa.

"Marahaba. Msalimie na mwenzio."

"Mbwa?"

"Kesho unashuka naye bondeni. Usiposalimiana naye leo, kesho atakuongozaje?"

Kesho yake tulishuka. Mjomba mbele na panga, mimi katikati, Watasema kila mahali. Mbele, nyuma, porini, njiani. (Niliposoma habari za Chitane, miaka mingi baadaye, nilicheka peke yangu. Daktari alidhani ile ni akili ya mbwa wa Ulaya.) Sehemu moja njia inapita kati ya majani makavu, na mbwa akasimama. Hakubweka. Mguu mmoja wa mbele juu. Mjomba akanishika bega. Tukasimama vilevile kwa muda ambao nilidhani hautaisha, mpaka nilichodhani ni majani kikasogea kidogo kikawa kifutu, mnene kama mkono wa mtu mzima, yuko hatua mbili kutoka unyayo wangu.

Weka mbuzi hapo. Mweke, tuone.

Tuje kwenye dini, maana ndilo jambo ambalo watu wanalitaja wakijua litafunga mjadala. Mimi halinifungi mdomo. Sisi wa pwani hii ni Mashafi, na kwa Mashafi mbwa ni najisi, sibishani na hilo wala si kazi yangu. Wamaliki, ambao ni Waislamu wenzetu, wana msimamo mwingine kuhusu utohara wake, lakini tubaki kwetu. Sheria ileile inayosema najisi inasema pia mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba anafugika. Inaeleza mawindo aliyoyakamata mbwa aliyefunzwa yanavyoliwa. Inaeleza chombo kinavyooshwa. Yaani wanazuoni walikaa, wakafikiri, wakaandika namna ya kuishi na mbwa. Mtu haandikiwi utaratibu wa kuishi na kitu ambacho hakipaswi kuwepo.

Na kuna Sura ya al-Kahf, tunayoisoma kila Ijumaa. Vijana wanaukimbia mji wao kwa ajili ya imani, wanaingia pangoni, wanalala miaka na miaka. Nani yuko mlangoni? Mbwa wao, amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini. Na watu wanapobishana walikuwa wangapi, wengine wanasema watatu na wa nne mbwa wao, wengine watano na wa sita mbwa wao, wengine saba na wa nane mbwa wao. Hesabu ya watu inabadilika. Mbwa anahesabiwa kila mara. Mapokeo yakampa hata jina, Kitmiri. Mimi nikiwa madrasa, hapa hapa Magomeni, nilimuuliza ustadhi swali moja tu mwaka mzima: yule mbwa alikula nini miaka yote hiyo? Nikachapwa kiboko kimoja, chepesi, na ustadhi mwenyewe alikuwa anazuia kucheka.

Basi kama mbwa anaruhusiwa mlangoni pa pango lile, ni mhariri gani wa Dar es Salaam mwenye mlango mtukufu zaidi?

Hapa nitaingia pagumu, maana nitamgusa mzee wetu. Shaaban Robert, Adili na Nduguze, 1952. Wote tumesoma. Adili, liwali wa Janibu, ana manyani wawili anaowapiga kila usiku huku akilia, na mfalme Rai anataka kujua kwa nini. Manyani ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa na jini kwa ubaya wao. Sasa fungua Alfu Lela Ulela, hadithi ya Abdallah bin Fadhil, gavana wa Basra. Gavana ana wanyama wawili anaowapiga kila usiku huku akilia, na khalifa Harun al-Rashid anataka kujua kwa nini. Wanyama ni ndugu zake waliogeuzwa na jini kwa ubaya wao. Mifupa ni ileile. Lakini kwa Abdallah si manyani. Ni mbwa.

Mzee aliwatoa mbwa.

Sisemi alikosea. Nimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu na naona alikuwa na sababu nzuri ya kisanaa. Nyani ana uso unaokaribia wa mtu, mikono yake ni kama yetu, na msomaji akiambiwa huyu ni ndugu wa liwali anaona. Pia Shaaban Robert alikuwa mtu wa Tanga akiandikia waungwana wa wakati wake, na liwali mwadilifu anayefuga mbwa ndani ya nyumba na kuwalisha kwa mkono wake angewatia kichefuchefu. Alijua wasomaji wake. Lakini tazama kilichopotea. Katika hadithi ya Basra, uchungu unaanzia pale pale kwenye najisi: gavana Mwislamu anaishi na mbwa, anawafuta machozi, na aibu hiyo anaibeba kila usiku kwa kuwa ni damu yake. Kwa manyani, aibu imepungua na imebaki huruma. Kitabu kimekuwa safi zaidi. Na sisi tuliokuja baada yake tulichukua usafi tukauacha usanii. Tukadhani funzo ni kwamba mbwa hafai.

Mtu ataniambia: mbona mbwa wamo katika riwaya kubwa kuliko zote kutoka pwani yetu? Kweli. Peponi ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994 na tukaipata kwa Kiswahili cha Ida Hadjivayanis baada ya mwandishi kushinda Nobeli ya 2021. Mbwa wamo tangu mwanzo, wanamtisha Yusuf akiwa amelala barazani, na wamo mwisho kabisa, wanakula kinyesi walichoacha askari, na Yusuf akiwatazama anajiona mwenyewe, kisha anakimbilia msafara wa Wajerumani. Ni mwisho mkali, mimi nauvulia kofia. Lakini ona kazi aliyopewa mbwa hata pale: hofu usiku, fedheha mchana. Ndiyo kazi pekee tunayompa. Tusi, au njaa, au kioo cha unyonge wa mtu. Mbwa anayefanya kazi, anayejua njia kuliko mwenye njia, huyo hana kiti.

Na msitu vilevile. Kwenye hadithi zetu msitu ni mahali pa kupotelea, pa kuuliwa, pa kukutana na zimwi. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alikuwa mwingine: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, iliyotoka kwa Kiswahili mwaka 1980, imejaa safari za miguu, mimea kwa majina yake, wanyama kwa tabia zao, na hakuna mwenye haraka. Tunaisifu sana kitabu hicho bila kukisoma. Ni kirefu, eti.

Nisije nikaonekana ninauza mapenzi ya mbwa. Sitaki mtu ampeleke mbwa hifadhini. Mbwa haruhusiwi katika hifadhi za taifa, na kuna sababu: mwaka 1994 ugonjwa unaotokana na mbwa uliua karibu theluthi ya simba wa Serengeti. Na kichaa cha mbwa si hadithi ya kutishia watoto. Hapa kusini tumezika watu kwa ajili yake. Kuanzia mwaka 2010 mikoa yetu iliingia katika mpango mkubwa wa kuchanja mbwa, na nakumbuka mjomba akimshikilia Watasema kwa mapaja yake mawili huku kijana wa mifugo akitafuta pa kuchoma sindano, na mbwa amegeuza uso kama mgonjwa wa hospitali. Anayeogopa mbwa ana haki. Ninachokataa ni hofu kugeuzwa kuwa kanuni ya uhariri.

Tena mimi ni mtu wa mwisho wa kujifanya mwema. Nikiwa na miaka tisa, tukitoka madrasa, tulikuwa na mchezo. Nyuma ya ukuta mmoja hapa Magomeni kulikuwa na mbwa koko aliyezaa. Tulikuwa watano. Kila mmoja na jiwe lake. La kwangu ndilo lililompata. Sikumbuki nilihisi nini, nakumbuka tu wenzangu walinishangilia, na jioni nikala vizuri. Mwaka huohuo, likizo, ndipo nilipelekwa kwa mjomba nikaambiwa nimsalimie mwenzangu.

Kwa hiyo mhariri anaposema wasomaji wa pwani hawapendi mbwa, anamzungumzia mtoto yule mwenye jiwe. Anataka nimwandikie kitabu kitakachomwacha alivyo.

Mjomba alifariki miaka michache iliyopita, msimu wa korosho umekaribia. Tulikusanyika, tukasoma hitma, kisha wazee wakakaa kwenye mkeka kugawa vitu. Mikorosho ikahesabiwa mmoja mmoja. Baiskeli. Redio. Majembe matatu, panga mbili, godoro. Kila kitu kilitajwa, kila kitu kilipata mtu. Watasema alikuwa amelala kizingitini mwa kibanda, mzee tayari, mdomo umeingia mvi, anatazama miguu ya watu ikiingia na kutoka. Hakutajwa.

Mimi nilikuwepo. Mjomba hakuwa na mtoto wa dada aliyetembea na mbwa yule kama mimi. Nilikuwa napanga chumba kimoja hapa Magomeni, mwenye nyumba ni mama mtu mzima, mcha Mungu, na nilijua atasema nini. Sikumuuliza. Hata sikumuuliza! Nilipanda gari la saa kumi na moja alfajiri. Mbwa alinisindikiza mpaka njia ya shamba inapokutana na barabara, hapo ulipokuwa mpaka wake, akasimama. Nilikaa kiti cha upande wa pili ili nisimwone.

Shamba likauzwa mwaka uliofuata. Nilipouliza habari za mbwa, binamu yangu alisema hajui, labda alishuka bondeni.

Ndiyo hadithi ile ya kurasa ishirini ilikotoka. Siku mbili za bondeni ni za kumtafutia mahali pa kushuka. Mhariri hakuyajua haya, na hakupaswa kuyajua. Hadithi isimame yenyewe au ianguke. Lakini maneno yake mawili niliyasoma nikiwa nimekaa kwenye chumba kilekile, kwa mama yuleyule, na wino ule mwekundu haukuniambia jambo nisilolijua. Nilishamtoa mbwa mara moja, bila kuombwa na mhariri yeyote.

Juzi nimeupeleka mswada kwingine. Sijapunguza kitu. Ukurasa wa tisa nimeongeza aya moja, pale chini kabisa karibu na mto, mzee anakaa kwenye jiwe kuvua viatu, na mbwa anakunywa maji.